Rafu ya Digrii Ishirini

Tuovi Kärkkäinen alikuwa na rafu moja ya mbao za msonobari, na rafu hiyo ilikuwa na masharti mengi kuliko kanisa. Chuma kilichotoka nje hakikupimwa siku hiyohiyo. Kilioshwa kwa mafuta ya taa, kikafutwa, kikafungiwa kadi yenye saa ya kuingia, kikalazwa rafuni mpaka kesho yake asubuhi. Chumba chake cha vipimo kilikuwa na joto la digrii ishirini, iwe Julai iwe Januari, na ukiacha mlango wazi alikuuliza kama kwenu mnatumia pazia.

Mimi ni Taisto. Nilifanya kazi mlango wa pili kutoka wake kwa miaka kumi na tisa, na nyumba zetu zilipakana kwa miaka thelathini, kwa hiyo ninapomsema sisemi ya kuambiwa. Kiwanda chetu cha Koskenperä kilitengeneza giaboksi za mashine za kubebea magogo msituni. Kazi yangu ilikuwa kufungua giaboksi zilizorudi zimechoka na kutoa vipuri vyake kimoja kimoja. Kazi ya Tuovi ilikuwa kuvipima upya na kuamua kipi kinastahili kuingia kwenye giaboksi nyingine na kipi kiende kwenye pipa la vyuma chakavu. Mimi nilifungua, yeye akahukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Kila kipuri kilikuwa tayari na muhuri mdogo uliogongwa siku kilipotengenezwa, kuonyesha kwamba kilikaguliwa kikapita. Wengi wetu tuliona muhuri ule unatosha, hasa Ijumaa mchana. Tuovi aliukwaruza kwa ncha ya chuma kabla hata hajashika mikromita, kile kifaa cha kupimia unene.

"Kilipita, sikatai," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Kilipita siku ile. Tangu hapo kimebeba mizigo, kimegongwa, kimepata joto na baridi. Wewe bado unafanana na picha yako ya harusi?"

"Karibu."

"Muongo mkubwa."

Aliingia kiwandani mwaka 1962 kama mfagiaji, na kilichompandisha ni mikono. Alikuwa na mikono ya baridi, kiangazi na kipupwe, na mhandisi wa zamani aligundua kwamba yeye peke yake angeweza kushika shafti, ule mhimili wa chuma, bila kuipasha joto na kuiongeza ile sehemu ya elfu ya milimita inayoharibu kipimo. Wakamfundisha mikromita, na hakuiacha tena. Mumewe Arvi aliangukiwa na mti akafa mwaka 1968, binti yao Virpi akiwa na miaka sita, na tangu hapo Tuovi akawa mama, akawa baba, akawa mpasua kuni. Virpi alipokuwa mdogo alikuwa akilalamika kwamba mama akimsuka nywele shingo inaganda.

Mwaka 1980 Virpi aliondoka kwenda Gothenburg na kijana mmoja mchomeleaji aitwaye Raine. Hapakuwa na ajabu. Nusu ya vijana wa Koskenperä walikuwa Uswidi kwenye viwanda, na wazee wao walijua bei ya tiketi ya meli kuliko bei ya maziwa. Tuovi alimfungashia mkate mweusi na soksi za sufu, akamsindikiza mpaka stesheni, wakapeana mikono. Ndiyo, walipeana mikono. Kwetu watu hawakumbatiani ovyo.

Miaka miwili baadaye, mwezi Februari, nilikuwa uani kwangu nasukuma theluji. Ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri, ile baridi inayogandisha kope. Nikamwona Virpi anapanda njia kutoka stesheni, peke yake, na kibegi kidogo mkononi.

"Habari, mjomba Taisto," akasema, akapita.

Hakuwa ameandika kwamba anakuja. Nilifurahi kwa niaba ya Tuovi, nikaendelea na theluji yangu. Hata sijaimaliza nikamwona anashuka njia ileile na kibegi kilekile. Nilimwambia angoje niwashe gari. Akatikisa kichwa bila kunitazama, akaenda zake.

Kilichotokea nilikipata kwa Tuovi mwenyewe kesho yake, na alikisimulia kama mtu asiye na hatia. Alifungua mlango, akamkuta mtoto wake kizingitini na umande ulioganda kwenye nyusi, na kabla koti halijavuliwa akamwambia: "Umekonda. Nywele umezifanya nini? Na Raine yuko wapi, amekuacha?" Kasoro tatu kwa pumzi moja. Virpi alikaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa nusu kikombe cha kahawa na koti lake mwilini, akasema ana treni.

"Nilimwambia ukweli tu," Tuovi alisema. "Sasa mtu akiambiwa amekonda ndiyo anavuka bahari?"

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa mwoga wakati ule, na kazini alikuwa mkubwa wangu.

Zikapita Krismasi kumi na moja. Kila Krismasi ilikuja kadi kutoka Gothenburg, yenye kanisa na theluji na jina Virpi, basi. Tuovi hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alichokifanya ni hivi. Kila Jumamosi alioka vile vikate vya unga wa rai, nafaka nyeusi ya kwetu, vyenye wali wa maziwa katikati, kumi na viwili, naye alikula vitatu. Vingine vilikaa kwenye friza mpaka friza ikajaa, ndipo akaniletea mimi, akasema nimsaidie kupunguza. Na kila Novemba alizitoa bandani zile mbao za Virpi za kutelezea juu ya theluji, akazipaka nta, akakaza mikanda, akazirudisha palepale ukutani. Novemba kumi na moja. Mimi niliziona kwa dirisha langu, na sikuwahi kumtania kuhusu hilo, ingawa kwa mengine yote nilimtania.

Alikuwa na hamu na mtoto wake mpaka ukimtazama unaona. Akisikia treni ya saa nane alinyanyua kichwa kwenye mikromita, akakishusha. Kila siku ya kazi, saa nane mchana, kichwa juu, kichwa chini.

Basi uchumi ukaanguka. Mwaka 1991 na 1992 kampuni za misitu zilifungwa moja baada ya nyingine, na mashine zao zikarudi kwetu kwa malori. Hakuna aliyeagiza mpya. Tulichokuwa nacho ni vipuri vya kutumia tena, na ghafla kiwanda kizima kikawa kinategemea nini kimefunguliwa kwa Taisto na nini kimepita kwa Tuovi. Ungedhani angeongeza maringo. Hakuongeza. Alikuwa nayo ya kutosha.

Januari 1993 alikwenda Kuopio kwenye mazishi ya binamu yake, siku mbili. Palepale ikaja oda ya haraka, na msimamizi wetu Kauko, mtu mwema mwenye tumbo bovu la wasiwasi, akaja kwangu akifuta miwani.

"Taisto, kuna shafti ngapi kwenye stoo ya nje?"

"Thelathini na moja."

"Zipime."

"Mpimaji yuko mazishini."

"Mikromita si ipo? Au nayo imekwenda kuzika?"

Nilipaswa kusema hapana. Sikusema. Ukweli ni kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa natamani kuona kama kazi ile ina ugumu wowote. Nikazivuta shafti kutoka stoo ya nje, ambako kulikuwa na digrii ishirini na tano chini ya sifuri, nikaziosha, nikaketi kwenye kiti cha Tuovi, nikapima. Ya kwanza ilikuwa nyembamba kuliko kiwango. Ya pili pia. Zote thelathini na moja zilikuwa zimelika, nikashangaa jinsi watu wa misituni wanavyochakaza mashine. Zilikuwa zinatoa jasho mezani, maji yanachuruzika, na hilo nalo halikunishtua. Nikazipaka rangi nyekundu, nikazitupa kwenye pipa. Lori la vyuma chakavu lingekuja Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Tuovi alirudi. Hakuvua hata kofia. Alisimama kwenye pipa, akaingiza mkono, akatoa shafti moja, akaitazama ile kutu nyepesi iliyoota juu yake.

"Nani amepima hizi?"

Kwenye ukumbi wa kuunganishia kulikuwa na watu wanane, na wote wakaona kazi zao zina mvuto wa ajabu.

"Mimi," nikasema.

"Zililala wapi?"

"Hazikulala. Kulikuwa na haraka."

"Ulizipima zikiwa bado na baridi." Alisema taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Chuma chenye baridi kinajikunyata, Taisto. Kila mtu humu ndani anajua, hata paka wa mlinzi anajua. Huwezi kukitoa kitu kwenye baridi ile ukakipima papo hapo mlangoni ukakiita kibovu. Unakiacha kipumzike kwanza. Miaka kumi na tisa unaniona nafanya nini mle ndani, nacheza karata?"

Mtu mmoja akacheka. Nadhani ndicho kicheko kilichonipandisha, maana masikio yalinichemka, na mdomo ukanitangulia.

"Wewe mwenyewe Virpi ulimpima wapi?" nikasema. "Si palepale mlangoni?"

Sijawahi kutamani kurudisha maneno kama siku ile. Tuovi aliiweka ile shafti chini polepole, akavua kofia, akaikunja, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Kauko alinitazama kama mtu aliyeniona namwaga kahawa kwenye Biblia.

Mchana alitoka na toroli, akazitoa shafti zote pipani yeye mwenyewe, akakataa msaada wangu. Akazifuta kutu, akazilaza kwenye rafu, akaandika kadi. Ijumaa asubuhi akazipima. Nilimsikia kupitia ukuta, mlio mdogo wa mikromita, kimya, mlio, kimya. Saa nne alikuja kusimama mlangoni kwangu.

"Ishirini na sita ni nzima," akasema.

"Nisamehe, Tuovi. Si kwa shafti."

"Ishirini na sita, Taisto. Zilikuwa nzima nawe ukazitupa." Alikuwa anatazama mikono yake. "Na yeye, unadhani alikuwa mzima?"

Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, na jibu hilo alilichukua vizuri kuliko kama ningempa uongo.

Wiki ile aliandika kadi ya posta. Najua kilichoandikwa kwa sababu aliniletea niisome, na kwa sababu ilikuwa fupi mno. Ilisema: "Sauna inawashwa kila Jumamosi. Mama."

"Ndiyo hii tu?" nikamuuliza.

"Unataka niandike nini?"

"Samahani, labda."

"Imo humo," akasema. "Anajua kusoma."

Februari ikapita, na nusu ya Machi. Tuovi aliwasha sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, kila Jumamosi, akaingia peke yake, akaoka vikate vyake kumi na viwili. Halafu ikaja kadi yenye meli: "Nafika Ijumaa tarehe 26. Nitalala siku mbili. Virpi."

Siku zilizobaki nilimwona Tuovi akiogopa, na sikuwahi kujua kama ana uwezo huo. Alinifuata kwenye benchi langu wakati wa kahawa, akavuta kiti.

"Haya, niambie nisiseme nini."

"Usiseme mwili wake."

"Mwili nimeelewa."

"Usiseme nywele. Usiseme Raine. Usiseme mbona hukuandika."

"Sasa nabaki na nini?"

"Kahawa," nikamwambia. "Muulize kama anataka kahawa, kisha funga mdomo. Mwache apumzike. Kazi hiyo si unaijua?"

"Kazi hiyo naijua," akasema, akapumua.

Virpi alifika kwa treni ya saa nane. Nilikuwa uani nikijifanya navunja barafu ya ngazi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba vilevile, nywele fupi kama za askari. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Nilimsikia Tuovi akisema, "Kahawa iko tayari," na mlango ukafungwa. Nikasubiri dakika arobaini. Hakutoka. Sioni haya kusema kwamba nilikaa kwenye ngazi nikafuta macho kwa glavu.

Jumamosi jioni, baada ya sauna, waliniita kula. Virpi alikuwa na uso mwekundu na taulo kichwani, akamaliza vikate vinne na siagi iliyopondwa na mayai, na Tuovi akamtazama akila kwa namna ambayo ilibidi nitazame dirishani. Tuliongea habari za barafu ya ziwa, kwamba mwaka huu ni imara. Tuliongea habari za nani amekufa. Tuovi hakuuliza chochote. Kila kimya kilipoingia alinyanyua birika.

Virpi akamuuliza kazi inaendaje. Basi Tuovi akapata pa kukimbilia, akasimulia mkasa wa shafti thelathini na moja, bila lile nililosema, na kunifanya mimi kuwa mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa, jambo ambalo halikuwa rahisi.

"Kwa hiyo mjomba Taisto alizipima zikitoa jasho?" Virpi akacheka. Alikuwa na kicheko cha Arvi.

"Nilidhani ni mvuke wa kahawa," nikasema.

"Na zikishapumzika, mama? Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unapima."

"Unapima," Virpi akarudia. Akaweka uma chini, akamtazama mama yake, akangoja. Niliona anangoja. Ilikuwa wazi kama mtu aliyesimama na kikombe kitupu. Tuovi akashika birika, akamuuliza kama aongeze kahawa.

Jumapili nilikubaliana kumpeleka Virpi stesheni. Treni ilikuwa saa saba na dakika ishirini, lakini kwetu mtu akifika stesheni dakika tano kabla anaonekana mhuni, kwa hiyo tuliondoka saa sita na nusu. Waliagana mlangoni. Wakapeana mikono. Tuovi alisema, "Sauna inawashwa kila Jumamosi," na Virpi akasema, "Najua, mama, niliisoma."

Garini, tulipofika daraja la mto, alinigeukia.

"Mzima yule?" akauliza.

"Mama yako? Mzima."

"Hakuniuliza hata kitu kimoja, mjomba. Siku mbili. Nalala vipi, naishi na nani, nafanya kazi gani. Sikutaka anisifu. Nilikuwa na jambo moja nimelibeba tangu Gothenburg, nimelileta mara ya pili sasa, nikasema akiniuliza chochote, hata kama ni nywele, nitamwambia. Amenilaza kwenye rafu yake, akazima taa, akaondoka."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyemfundisha mama yake kunyamaza, na sikuthubutu. Nikamshusha stesheni, nikamwambia aketi ndani karibu na jiko. Kisha nikageuza gari na kukimbiza kama kichaa kilomita sita za barafu.

Tuovi alikuwa anaosha vikombe. Alikuwa ameosha kile cha Virpi mwisho, na bado alikuwa nacho mkononi.

"Vaa koti," nikamwambia.

"Amesahau kitu?"

"Vaa koti, Tuovi. Nilikupa ushauri mbovu. Vya rafuni havikai rafuni milele. Kisichopimwa hakirudi kazini, si ndivyo unavyosema? Mtoto amekaa siku mbili anangoja umuulize."

Alinitolea macho. Kisha akakiweka kikombe, akachukua koti la Arvi lililokuwa karibu, akatoka na ndara za nyumbani miguuni. Njiani alisema mara moja tu, "Nimuulize nini, sasa? Kila ninachofikiri ni kasoro."

"Sijui. Mimi nafungua tu. Mpimaji ni wewe."

Tulifika saa saba na dakika kumi na tatu. Virpi alikuwa tayari nje kwenye benchi, kibegi magotini. Nilimshika Tuovi mkono kwa sababu ndara zilikuwa zinateleza, nikamfikisha mpaka kwenye benchi, na ndiyo maana nililisikia swali. Alisimama mbele ya binti yake, koti la mwanaume likimfika magotini, akasema:

"Siku ile ya kwanza. Mwezi Februari. Ulikuja kuniambia nini?"

Uso wa Virpi ulivunjika. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikaachia mkono wa Tuovi, nikarudi garini, nikafunga kioo.

Treni ikaja kwa wakati wake. Ikasimama dakika mbili, kondakta akateremka, akawatazama wanawake wawili waliokaa kwenye benchi, mmoja ameshika kichwa cha mwenzake kifuani kwa mikono miwili. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akapiga filimbi, treni ikaondoka, na nyuma yake kukawa na ukimya wa mchana wa Machi, theluji ikidondoka kutoka paani kwa jua.

Jumatatu Tuovi hakuja kazini wala kuomba ruhusa, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja. Kwenye rafu kulikuwa na gia kumi na nane zenye kadi ya Ijumaa. Kauko alikuja akifuta miwani, akazitazama, akanitazama, akaogopa kusema.

"Zimelala siku tatu," nikamwambia. "Zinatosha."

Nikavaa glavu zake nyeupe za pamba, nikaketi, nikakwaruza muhuri wa zamani wa gia ya kwanza, nikapima bila haraka. Dirisha la chumba kile linatazama ziwani. Kwenye saa tano nikaona watu wawili mbali juu ya barafu, wanateleza kwa mbao, mmoja mbele mmoja nyuma. Walikwenda kidogo, wakasimama muda mrefu, wakaenda tena kidogo. Mbao za yule wa mbele zilikuwa zinateleza vizuri mno. Kwa nta ya miaka kumi na moja, ningeshangaa zisingeteleza.

Virpi aliondoka Jumanne. Jumatano Tuovi alikuja, akazikuta gia zangu kumi na nane na lebo nilizozifunga, akazipima zote upya mbele yangu. Hakubadilisha hata lebo moja, na hakunisifu pia. Wakati wa kahawa alikuja kwenye benchi langu, akavuta kiti, akakaa na kikombe chake.

"Alikuwa amejifungua," akasema. "Wiki tatu kabla ya siku ile. Msichana. Aliishi siku mbili. Alikuja kwangu na maziwa bado yanamtoka, na mimi nikamwambia amekonda."

Akageuza kikombe chake mezani.

"Miaka kumi na moja nilikuwa na hamu na mtu mmoja, Taisto. Saa nane ikifika nanyanyua kichwa. Sasa nina hamu na wawili, na huyu wa pili hana treni."

Nje ilipita ile ya saa nane. Hakunyanyua kichwa, au labda hakuisikia. Nilitamani kumshika mkono, na sikujua kwetu mtu anaanzaje jambo kama hilo. Kwa hiyo nilifanya lile moja nililokuwa nimejifunza. Nilimuuliza mtoto aliitwa nani.

Akanitajia jina. Kisha akanieleza alikuwa na nywele za rangi gani, na vidole, na kwamba mikono yake, Virpi alisema, ilikuwa ya baridi tangu kuzaliwa, wakunga waliihangaikia bure. Aliongea mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia, na akaendelea, na Kauko alipochungulia mlangoni nilimwonyesha kwa kidole aufunge.